Nimepimwa kanisani, sukari ikasoma 12.4: je, nina kisukari?

SWALI: Daktari, nakusalimu. Mimi ni mama wa miaka 47, ninaishi Umoja na ninauza nguo za mitumba Gikomba. Jumapili mbili zilizopita, baada ya ibada, tulipimwa shinikizo la damu na sukari bila malipo katika uwanja wa kanisa. Nilidungwa kidoleni, mashine ikasoma 12.4. Nilikuwa nimekunywa chai na kula mandazi mawili muda wa saa moja hivi kabla. Muuguzi aliniambia niende hospitalini nikapimwe vizuri, lakini sijaenda. Mama yangu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Kila nikiwaza hospitali, ninauona mguu huo. Tangu siku ile nimeacha ugali na chakula cha jioni, na rafiki yangu wa chama amenipa unga wa mitishamba wa kukoroga katika maji ya moto. Usiku ninaamka kukojoa mara mbili, ingawa hilo lilianza zamani. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa na kilo 4.3, lakini sikuwahi kuambiwa nina sukari. Je, nina kisukari? Nikiendelea kujinyima hivi kwa wiki chache, si sukari itakuwa imeshuka nitakapopimwa? Na watoto niwaambie?

JIBU: Mama, uwezekano kwamba una kisukari cha aina ya pili ni mkubwa, lakini kipimo kimoja cha kidoleni hakitoshi kulithibitisha hilo, na mtu yeyote akikuambia kwa hakika kwamba unacho au huna, akitegemea nambari hiyo peke yake, atakuwa anakisia. Jambo ninalokuomba kabla ya mengine yote ni kwamba uanze tena kula chakula chako cha kawaida leo jioni, na uende ukapimwe wiki hii. Kipimo hiki si mtihani wa kujiandaa ili ufaulu. Kina manufaa kwako pale tu kinapoikuta damu yako katika hali yake ya kila siku.

Tuitazame kwanza hiyo 12.4, yaani milimoli 12.4 za sukari katika kila lita ya damu. Mtu asiye na kisukari, saa mbili baada ya kula, kwa kawaida huwa na sukari iliyo chini ya 7.8; saa moja baada ya chai na mandazi inaweza kuwa juu zaidi ya hapo, lakini kufika 12.4 si jambo la kupuuzwa. Hata hivyo, mashine ndogo za kidoleni zinaruhusiwa kukosea kwa takriban asilimia 15 juu au chini, kwa hiyo kiwango chako halisi huenda kilikuwa 11 au hata 14. Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: sukari iliyoganda kwenye ngozi ya kidole, iwe ni ya embe, ya soda au ya mandazi yaliyonyunyiziwa sukari, huchanganyika na tone la damu na kuipandisha nambari, na kupangusa kwa pamba ya spiriti peke yake huenda kusiiondoe yote. Kidole kinapaswa kuoshwa kwa maji na sabuni, kikaushwe, ndipo kidungwe. Mimi ni shabiki wa kambi hizi za kanisani, kwa kuwa zimewafikia watu ambao hawangekanyaga hospitali kwa miaka mingi, lakini huniudhi zinapomtuma mtu nyumbani na nambari kichwani, bila karatasi iliyoandikwa saa aliyopimwa na alichokuwa amekula. Muuguzi wako alikuambia neno sahihi. Kazi yake ilikuwa kukutilia shaka, na kuthibitisha ni kazi ya maabara.

Maabara huthibitisha kisukari kwa njia chache zinazokubalika duniani kote. Ya kwanza ni kupima sukari kwenye damu inayotolewa katika mshipa wa mkono, baada ya kukaa bila kula kwa saa nane au zaidi. Matokeo ya 7.0 au zaidi yanaashiria kisukari. Ya pili ni kipimo kinachoitwa HbA1c, ambacho hakihitaji kufunga, na ambacho kikifika asilimia 6.5 kinaashiria vivyo hivyo. Ya tatu ni kunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji na kupimwa baada ya saa mbili, ambapo mpaka ni 11.1. Mpaka huo wa 11.1 hutumika pia kwa kipimo cha wakati wowote, lakini kwa mtu mwenye dalili zilizo wazi, yaani kiu isiyokwisha, mkojo mwingi mchana na usiku, na mwili unaokonda bila sababu. Kuamka mara mbili usiku, hali uliyo nayo tangu zamani, hakutoshi kuitwa dalili ya wazi. Kwa hiyo, kwa mtu kama wewe, tunataka majibu mawili yanayokubaliana kabla ya kulitamka jina la ugonjwa. Wakikupima sukari ya kufunga na HbA1c kwa damu ya siku moja, na yote mawili yakawa juu ya mpaka, shauri limekwisha. Na ukiwa na jamaa Marekani anayekuambia kwa simu kwamba mpaka ni 126, usichanganyikiwe: wao hutumia kizio tofauti, na 126 yao ni 7.0 yetu.

Sasa nijibu swali lako la kujinyima, kwa sababu limenigusa zaidi ya yote. Sukari inayozunguka katika damu hujishikiza kwenye hemoglobini, ile protini nyekundu iliyo ndani ya chembe za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takriban siku 120, HbA1c inasimulia wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Wiki mbili za kulala njaa zinaweza kuishusha kidogo, lakini haziwezi kuifuta miezi iliyotangulia. Sukari ya kufunga inaweza kweli kushuka kwa wiki kadhaa za kujinyima, ukaambiwa uko salama, ukarudi kwenye ulaji wako na ugonjwa ukaendelea kimyakimya. Kipimo cha kunywa glukosi nacho hufanya kinyume kabisa: mtu aliyeacha wanga kwa siku kadhaa mwili wake huipokea glukosi hiyo kwa shida, na matokeo yanaweza kutoka juu kuliko ukweli. Kwa njia moja utajidanganya kwamba huna ugonjwa, kwa njia nyingine utajitia ugonjwa usio wako. Ndiyo maana nasema kula.

Siku ya kwenda, panga hivi. Kula chakula cha jioni kama kawaida na umalize kabla ya saa tatu usiku. Baada ya hapo ni maji matupu tu. Hata chai ya rangi isiyo na sukari ingoje, na usitafune chingamu njiani. Fika kituo cha afya kilicho karibu nawe, au hospitali ya Mama Lucy Kibaki ambayo kwako si mbali, saa moja au saa mbili asubuhi, na ubebe kitumbua au ndizi ya kula mara tu damu ikishatolewa. Hakikisha mapema kwamba usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, umekamilika, na uulize dirishani ni vipimo gani vinalipiwa katika kituo hicho ili usishtukizwe. Mweleze daktari iwapo hedhi yako ni nzito au uliwahi kuambiwa una upungufu wa damu, kwa maana ukosefu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha HbA1c isivyo halali, ilhali selimundu au kuongezwa damu hivi karibuni kunaweza kuishusha. Mtajie pia kila dawa unayotumia, hasa vidonge vya prednisolone au sindano za mzio na maumivu ya viungo, kwa kuwa dawa za jamii hiyo hupandisha sukari zenyewe.

Kuna hali moja ambayo haingoji miadi wala kufunga. Ukianza kutapika, kuumwa tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, kusinzia kusiko kwa kawaida au kuchanganyikiwa, au ukiona unakonda kwa haraka huku kiu haikatiki, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na uwaambie sukari yako ilisoma 12.4.

Kuhusu mguu wa mama yako, pole sana. Ninaelewa kwamba picha hiyo ndiyo iliyokufungia mlango wa hospitali kwa wiki mbili, na sitakuambia uisahau. Nitakueleza tu jinsi mguu unavyofikia hatua hiyo, kwa kuwa wanaojua njia hiyo hawaiogopi vile vile. Sukari iliyo juu kwa miaka huharibu neva ndefu kuliko zote kwanza, zile zinazofika kwenye vidole vya miguu, na huziba polepole mishipa ya damu. Mtu hupoteza hisia bila kujua. Siku moja kijiwe kinaingia ndani ya kiatu, naye anatembea nacho kutwa nzima bila kukisikia. Jioni kuna lengelenge chini ya kidole kikubwa, haliumi, kwa hiyo halitazamwi. Baada ya wiki kuna kidonda, na damu inayopaswa kukiponya haifiki ya kutosha. Kati ya sukari kupanda na kisu cha daktari wa upasuaji hupita miaka mingi yenye vituo vingi ambapo safari hiyo ingeweza kukatizwa. Wazazi wetu wengi waligunduliwa ugonjwa ukiwa tayari kwenye kituo cha mwisho. Wewe umeshikwa na shaka ya kwanza ukiwa na miaka 47, na miguu yako, kwa jinsi ulivyoandika, haina tatizo. Kinachokusogeza upande wa mama yako ni kuchelewa kupimwa.

Uzito wa mtoto wako wa mwisho umenifanya nisome barua yako mara ya pili. Mtoto anayezaliwa na zaidi ya kilo 4 hutufanya tujiulize kama mama alikuwa na sukari ya ujauzito ambayo haikupimwa, kwa sababu sukari ya ziada ya mama humfikia mtoto na kumnenepesha. Sidai kwamba ndivyo ilivyokuwa kwako; wapo akina mama wanaozaa watoto wakubwa bila tatizo lolote. Hata hivyo, ukiongeza umri wako na mzazi aliyeugua, mambo hayo matatu yangetosha kukupeleka maabara hata kama usingepimwa kanisani. Mwambie daktari uzito huo.

Unga wa mitishamba uweke kando, na umrudishie rafiki yako kwa shukrani. Sina dharau kwa mimea. Metformin yenyewe, dawa ambayo huenda ukapewa, asili yake ni utafiti wa mmea uliotumika Ulaya kwa karne nyingi. Tatizo langu ni kwamba hakuna anayejua kilicho ndani ya chupa hiyo wala kipimo chake. Katika nchi kadhaa, maabara zimekuta unga unaouzwa kama dawa ya asili ya sukari ukiwa umechanganywa kwa siri na glibenclamide, kidonge cha hospitali kinachoilazimisha kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Mtu anayekinywa bila kujua, na bila kula jioni kama unavyofanya sasa, anaweza kuamka usiku akitokwa jasho na kutetemeka, au asiamke kabisa.

Nije kwenye chakula, ambacho kimekuwa adui yako bila hatia. Usiache ugali. Kinachohesabika ni ukubwa wa kipande na kilichoandamana nacho. Chukua sahani ya kawaida ya nyumbani. Nusu yake ijaze sukuma wiki, kabichi, mchicha au terere, robo iwe maharagwe, ndengu, omena, yai au nyama, na robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, chapati au viazi, kimoja kati ya hivyo wala si viwili. Wateja wengi wa kliniki huniambia kwa fahari kwamba wamehamia ugali wa wimbi au wa mtama, kisha ukiwauliza kiasi, wanaonyesha kwa mikono mlima ule ule wa zamani. Unga usiokobolewa ni bora, ndiyo, lakini nao ni wanga, na kipande kikubwa cha ugali mweusi kitapandisha sukari. Asali pia ni sukari, hata ikitoka Baringo. Nduma na viazi vitamu ni vizuri vikichukua nafasi ya mkate, wala si vikiongezwa juu yake.

Kwa mfanyabiashara wa Gikomba, hata hivyo, ugali huenda si mkosaji mkuu. Hebu ihesabu chai yako ya siku moja. Kikombe cha alfajiri kabla ya kutoka, kingine saa nne kibandani, kingine saa kumi, na cha usiku. Ukitia vijiko vitatu kila mara, hivyo ni vijiko kumi na viwili, karibu gramu 50 za sukari, kabla hujala kitu. Soda ya mililita 300 huongeza takriban gramu 30. Ukipunguza kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee, na kiu ya mchana ukaikata kwa maji, utakuwa umefanya zaidi ya kile ambacho wiki mbili za kulala njaa zingekufanyia, na hili unaweza kuliendeleza kwa miaka. Badiliko la namna hii sikukatazi kulianza hata kabla ya kupimwa, maana ni ulaji unaokusudia kubaki nao; ninachokataza ni kujinyima kwa muda ili kuilaghai maabara. Kuhusu mazoezi, najua unasimama kutwa nzima, lakini kusimama hakuna uzito sawa na kutembea. Dakika 10 au 15 za mwendo wa haraka baada ya chakula hushusha sukari ya mlo huo, na ukishuka matatu mapema kidogo jioni, zimepatikana.

Iwapo kisukari kitathibitishwa, huenda ukaanzishiwa metformin, mara nyingi miligramu 500 pamoja na chakula, kisha kipimo kiongezwe polepole. Tumbo linaweza kunguruma au kuharisha kwa wiki mbili za mwanzo. Kunywa dawa katikati ya mlo husaidia, na kwa wengi hali hiyo hupita. Utasikia ikisemwa sokoni kwamba vidonge vya sukari huharibu figo. Kinachoharibu figo ni sukari yenyewe na shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Daktari hupunguza au kusimamisha metformin figo zikiwa zimeshadhoofika, na watu wakaona dawa na ugonjwa pamoja wakakosea mkosaji. Dai mambo mengine manne mwanzoni kabisa: kupigwa picha au kuchunguzwa nyuma ya jicho, mkojo kupimwa protini, damu kupimwa utendaji wa figo na mafuta, na miguu yako kuguswa kwa uzi maalumu ili kujua kama hisia zipo. Macho yakiona ukungu wakati huu, usikimbilie kununua miwani, kwa kuwa lenzi ya jicho hubadilika sukari inapopanda na kushuka. Subiri wiki kadhaa itulie.

Pia ujue kwamba ugonjwa huu ukishikwa mapema unaweza kurudishwa nyuma. Katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, ambao matokeo yake ya mwaka wa kwanza yalitoka 2017, watu waliokuwa na kisukari cha aina ya pili kwa muda usiozidi miaka sita walipunguziwa uzito kwa mlo maalumu wa kalori chache chini ya uangalizi, na asilimia 46 walikuwa na sukari isiyofikia mpaka wa kisukari, bila dawa, baada ya mwaka mmoja. Wote walikuwa na uzito wa kupunguza, na dawa zao zilisimamishwa na wataalamu, kwa hiyo si jambo la kuigiza peke yako nyumbani. Na ikiwa matokeo yako yataangukia chini kidogo ya mpaka, kwenye ile hali ya kuelekea kisukari, habari ni njema zaidi: utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002 ulionyesha kwamba kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki kulipunguza hatari ya kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, kuliko hata metformin iliyoipunguza kwa asilimia 31.

Watoto uwaambie, na usingoje majibu. Waambie kwa maneno machache kwamba kipimo cha kanisani kilikuwa juu na kwamba unaenda kupimwa upya siku fulani, kisha mmoja wao aliye mkubwa aende nawe. Mtu mwenye hofu husikia nusu ya anachoambiwa na daktari, na huyo atasikia nusu nyingine. Walimwona bibi yao, kwa hiyo ukimya wako hautawaficha kitu, utawafanya tu wakisie mabaya zaidi. Ndugu zako wa tumbo moja nao wana mzazi yule yule, na wanapaswa kupima sukari ya kufunga hata kama hawana dalili yoyote. Yule mtoto wa kilo 4.3, kama sasa ni mtu mzima, naye akapimwe pamoja nao.